Kabla hujanunua taiti ya 'eko', inama kwanza

Hebu fanya kitu kimoja kabla hujaendelea kusoma. Shika taiti yako ya mazoezi, ile unayovaa ukienda kukimbia au jimu. Igeuze ndani nje, utafute kile kilebo kidogo cheupe kwenye mshono wa kiuno. Kimeandikwa nini? Kama ni polyester, umevaa ndugu wa chupa ya soda. Kama ni nylon au polyamide, umevaa ndugu wa wavu wa kuvulia samaki. Kama kilebo kilikatwa kitambo, pole, lakini usiondoke. Makala haya ni yako hata zaidi.

Nakuuliza hivyo kwa sababu mwaka jana nilipoteza pesa za watu kwa kutojua tofauti hiyo.

Mimi ni wa hapa hapa Eldoret. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipogoma kabisa, na siku hizi naandika, na pia nauza nguo za mazoezi. Nikisema "nauza" usidhani nina duka. Nina tepu ya kupimia, simu, na mama mmoja wa cherehani karibu na Oloo Street ambaye ananishonea jioni akishamaliza sare za shule.

Basi kikundi cha akina dada 12 kutoka Kapsoya, wale wa kukimbia kila Jumamosi alfajiri, wakaniagiza taiti 12 na singleti 12. Taiti Sh2,000, singleti Sh1,000. Wakanipa nusu mkononi: Sh18,000. Kwangu hiyo haikuwa pesa ndogo. Ndiyo ilikuwa oda yangu ya kwanza ya maana.

Nikaagiza kitambaa kwa simu kutoka kwa muuzaji mmoja wa Nairobi. Kikaja kwa matatu, kimekunjwa vizuri, na karatasi yenye jani la kijani na neno recycled. Chepesi, laini, bei nzuri. Nikajiambia, yaani hapa naokoa dunia na bado nabaki na faida! Tukakata, tukashona, nikapeleka.

Dada wa kwanza akavaa, akasimama mbele ya kioo, akatabasamu. Kisha akainama kufunga kamba za viatu. Chumba kikanyamaza. Aliyekuwa nyuma yake ndiye alisema: "Wee, tunaona mpaka rangi!"

Mwenyewe akageuka akanitazama. "Sasa nikipita hivi Uganda Road na nikutane na mama mkwe, utamweleza wewe?"

Taiti zote 12 zikarudi. Nikarudisha Sh12,000 ambazo tayari nilikuwa nimezila kwa kitambaa na ushonaji. Nilikopa kwa chama cha mama yangu. Mama hakunigombeza. Aliniuliza tu, polepole, akiendelea kuchambua sukuma: "Kwa hiyo hii ndiyo uliachia shule?"

Lakini sikiza. Singleti, zilizotoka kwa kitambaa kile kile, hakuna aliyerudisha hata moja. Mpaka leo wanazivaa na wanazisifu. Hapo ndipo kichwa kilianza kufanya kazi. Kitambaa hakikuwa kibaya. Nilikipa kazi isiyokuwa yake.

Unachanganya maswali mawili

Nilipoanza kuulizia, kila mtu alinipa ushauri wa aina moja: "Chukua kile cha kuogelea, kile kizito," ama "Chukua cha eko, hicho ndicho watu wanataka sasa." Kana kwamba ni timu mbili, uchague moja.

Si hivyo. Kitambaa cha kuogelea ni jina la kazi: kimesukwa ili kibane mwili, kivutike pande zote na kivumilie maji. Kitambaa kilichochakatwa upya ni jina la asili: uzi wake umetoka kwa kitu kilichokuwa kimeshatumika. Kitambaa kimoja kinaweza kuwa vyote viwili. Kampuni ya Aquafil ya Italia, kwa mfano, ilianza mwaka 2011 kuuza uzi unaoitwa ECONYL, nailoni inayotokana na nyavu kuukuu za wavuvi, mazulia ya zamani na mabaki ya viwandani. Uzi huo unatumika sana kwa mavazi ya kuogelea.

Kwa hiyo ukienda dukani uliza maswali mawili, moja moja. La kwanza: kitambaa hiki kinaweza kazi yangu? La pili: kimetoka wapi? Usianze na la pili kama mimi.

Cha kuogelea kina nini?

Kitambaa cha kawaida cha kuogelea ni nailoni iliyochanganywa na spandeksi, mara nyingi karibu asilimia 80 kwa 20. Spandeksi ndiyo ile inayoitwa elastane kwa vilebo vya Ulaya, na Lycra ni jina la biashara la kitu hicho hicho. Ilibuniwa Marekani mwaka 1958 na mwanakemia Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont. Ndiyo inayofanya nguo ivutike kisha irudi mahali pake.

Uzuri wake kwa mazoezi unaujua ukiivaa. Inakushika. Nyuzi zimesukwa karibu karibu, kwa hiyo ukiinama hakuna anayeona kitu, hasa ikiwa nyeusi au samawati iliyokolea. Ni laini kwenye ngozi, na mapaja yakisuguana hayachomeki. Kwa skwoti, yoga na densi, iko sawa kabisa.

Nikanunua mita moja na nusu nikajishonea, nikaenda kuijaribu alfajiri barabara ya kwenda Iten. Kilomita tatu za kwanza nilijiona Faith Kipyegon. Kufikia kilomita ya saba jasho lilikuwa limekaa kiunoni na nyuma ya magoti, halitoki. Nailoni inanyonya maji zaidi ya polista. Katika hewa ya kawaida nailoni hubeba unyevu wa karibu asilimia 4 ya uzito wake, polista haifiki hata asilimia 1. Tena kitambaa cha kuogelea kimetengenezwa kikubane ndani ya maji. Hakikutengenezwa kusafirisha jasho kwenda nje. Niliposimama kupumzika, ule upepo wa asubuhi ulinipiga, nikatetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Na ile simu niliyoweka kwenye kimfuko cha kiuno ilikuwa imevuta taiti hadi katikati ya nyonga.

Kitu kingine: adui mkubwa wa spandeksi ni klorini. Ndiyo maana vazi la kuogelea la bei rahisi huanza kulegea matako baada ya miezi michache ya bwawa la hoteli. Wanaoogelea kila siku huchagua kitambaa cha polista na PBT, aina ya polista ambayo inavutika yenyewe bila spandeksi. Kitambaa cha Speedo kiitwacho Endurance ni cha aina hiyo. Kinavutika kidogo kuliko cha kawaida, lakini kinadumu sana.

Na klorini haiko bwawani tu. Jik ni klorini. Ukiloweka taiti kwenye Jik ili madoa ya matope yatoke, umeiua wewe mwenyewe.

Na hiki cha chupa?

Karibu polista yote iliyochakatwa upya duniani hutokana na chupa za plastiki. Chupa zinaoshwa, zinasagwa, zinayeyushwa, kisha zinavutwa kuwa uzi. Si jambo la jana. Kwenye Kombe la Dunia la 2010 kule Afrika Kusini, Nike iliwavisha Brazil, Uholanzi na Ureno jezi zilizotengenezwa kwa chupa, hadi chupa nane kwa jezi moja.

Kwa kukimbia, polista ina faida halisi. Hainyonyi maji, inakauka haraka, na ikisukwa vizuri inasukuma jasho kutoka kwenye ngozi hadi upande wa nje ambako upepo unalibeba. Ndiyo maana singleti zangu zilipendwa. Ubaya wake ni harufu: polista hushika mafuta ya mwili na bakteria wa harufu huipenda. Usiiache kwenye begi hadi Jumatatu. Utajuta wewe na jirani yako kwenye matatu.

Sasa swali la kuokoa dunia. Kuchakata chupa hutumia nishati kidogo kuliko kutengeneza polista mpya kutoka kwa mafuta ghafi. Hiyo ni kweli. Lakini usidanganyike na jani la kijani. Polista iliyochakatwa bado ni plastiki, na ukiifua inatoa vijiuzi vidogo sana vinavyoenda na maji machafu. Chupa ingeweza kuchakatwa tena kuwa chupa. Ikishachanganywa na spandeksi kuwa taiti, kuitenganisha ni kazi ngumu, na mara nyingi mwisho wake ni jaa.

Nami nikiri ujinga wangu: niliponunua kitambaa kile nilikuwa nawaza chupa zinazoelea mto Sosiani mvua ikinyesha. Nilijiona nikiusafisha mto. Ndugu yangu, ule mto haukupungukiwa hata na kifuniko. Sikujua chupa zile zilitoka nchi gani, wala kama zilikuwepo. Kitambaa chenye madai ya kweli kina cheti ambacho muuzaji anaweza kukuonyesha. Maarufu zaidi ni Global Recycled Standard, kinachofuatilia malighafi kutoka kwa aliyechakata hadi kwa mshonaji. Muuzaji wangu nilipomuuliza cheti, alinitumia picha ya lile jani tena.

Hapa ni Eldoret, si Diani

Ushauri mwingi wa nguo za mazoezi unaousoma mtandaoni umeandikwa na watu wa miji ya chini. Sisi tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ukipanda hadi Iten unafika takriban 2,400. Asubuhi ni baridi ya kukata masikio. Saa nne jua linachoma, tena miale yake ni mikali kadiri unavyopanda juu. Saa tisa mvua. Yaani unahitaji nguo ya misimu mitatu kwa siku moja.

Kwa hiyo chini vaa kitambaa kinachobana na kizito kiasi, juu vaa chepesi kinachotoa jasho, na ubebe kijaketi. Nguo iliyosukwa kwa ukaribu na yenye rangi iliyokolea huzuia miale ya jua vizuri zaidi kuliko nyeupe nyepesi.

Kuna anayeuliza kwa nini tusivae pamba yetu tu, na kiwanda tunacho. Swali zuri. Rivatex imekuwa hapa tangu miaka ya 1970, ikaanguka, ikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, ikafunguliwa upya na mashine za kisasa mwaka 2019. Napenda kazi yao. Lakini pamba hunywa jasho na kukaa nalo. Kwa kutembea, kunyoosha viungo na kulala, pamba ni malkia. Kwa kilomita 15 za baridi, itakulowesha na kukuchubua.

Mitumba nayo?

Tuseme ukweli, wengi wetu tunavalishwa na mitumba, na huko ndiko utapata taiti nzuri kwa Sh300 ukiamka mapema marobota yakifunguliwa. Nguo ambayo tayari imetengenezwa haihitaji chupa mpya wala mafuta mapya. Kwa mazingira, hiyo mara nyingi inashinda taiti mpya ya eko.

Lakini marobota hayo yana sura nyingine. Ripoti ya shirika la Changing Markets Foundation ya mwaka 2023 ilikadiria kuwa kila mwaka nguo zaidi ya milioni 300 zenye nyuzi za plastiki huingia Kenya zikiwa hazifai tena kuvaliwa. Maana yake, kuna mtu huko ng'ambo anatupa, na jaa ni letu. Kwa hiyo usinunue kwa huruma. Nunua kwa macho.

Cha kuangalia ni spandeksi. Vuta kitambaa karibu na sikio. Ukisikia mchakato kama karatasi kavu, spandeksi imekufa. Ukiona vinywele vyeupe vya raba vimechomoza kwenye mishono, hiyo nayo imekwenda. Hairudi, hata ukiomba. Na vazi la kuogelea la mtumba ndilo la kukagua zaidi, maana hujui limekunywa klorini ya mabwawa mangapi.

Pima kabla hujalipa

Haya ni majaribio ambayo siku hizi nafanya dukani bila aibu, na muuzaji akinuna namwacha anune.

Mwanga: vuta kitambaa kwa mikono miwili kama kitakavyovutika kwenye goti, kisha weka simu nyuma yake ukiwa umewasha tochi. Ukiona umbo la simu, watu wataona umbo lako.

Kurudi: pima sentimita 10, vuta hadi 15, hesabu hadi kumi, achilia. Kikirudi 10, sawa. Kikibaki 11, magoti yako yatakuwa na vifuko baada ya wiki mbili. Vuta pande zote, wima na ulalo.

Tone: dondosha maji kidogo upande wa ndani. Cha kukimbia kinalisambaza tone haraka. Likikaa juu kama umande kwenye jani la mgomba, jasho lako nalo litakaa hivyo.

Uzito: muulize muuzaji ni gramu ngapi kwa mita mraba. Singleti inataka kama 120 hadi 150. Vazi la kuogelea huwa 180 hadi 220. Taiti isiyokuaibisha ianzie 230. Kile changu cha kwanza, nilipokipima baadaye kwa mizani ya duka la mboga, kilikuwa 140. Ningejua!

Kuinama: kama nguo imeshashonwa, ijaribu. Na usiishie kusimama mbele ya kioo. Inama ufunge kamba za viatu.

Ukishonesha, mwambie fundi atumie sindano ya ncha butu ya vitambaa vya kuvutika, na mshono wa zigizaga au ovaloki. Mshono ulionyooka utakatika siku ya kwanza. Na kama ni ya bwawani, lastiki nayo iwe ya kuogelea, la sivyo klorini italegeza kiuno kabla ya kitambaa.

Sasa uchague nini?

Kama unakimbia barabarani: juu polista nyepesi, na ikiwa iliyochakatwa ina cheti, afadhali zaidi. Chini taiti nzito ya nailoni au polista yenye spandeksi, isiyong'aa, iliyosukwa kwa ajili ya kukimbia.

Kama kazi yako ni jimu, yoga au densi: kitambaa cha kuogelea kizito kitakufaa, na unaweza kukipata kwa bei nzuri kwa vipande vya mwisho wa roli.

Kama wewe ni wa bwawa, au umeumia na kocha amekutuma ukakimbie ndani ya maji, kama wanavyofanya wanariadha wengi wakiuguza mguu: polista na PBT. Suuza na maji safi ukitoka tu.

Kama ni safari moja ya Diani mwezi Desemba: usinunue kipya. Azima kwa dada yako.

Na yoyote utakayochagua, fua kwa mkono na maji baridi, sabuni kidogo, bila Jik, bila pasi, na uanike kivulini. Jua letu la huku juu linakausha haraka, na linaua spandeksi haraka vile vile. Taiti inayodumu miaka minne ni eko kuliko yenye jani la kijani inayokufa kabla ya Krismasi.

Wale dada wa Kapsoya? Nilikaa miezi mitatu nikiwakwepa Jumamosi. Kisha nikajikaza, nikawapelekea taiti moja tu, nyeusi, gramu 260, polista iliyochakatwa yenye cheti na spandeksi asilimia 22. Nilimpa yule yule wa mama mkwe aende nayo wiki mbili, bure. Kitambaa hicho kinaniuma mfukoni: Sh900 kwa mita, mara mbili ya kile cha kwanza. Faida yangu kwa taiti moja sasa haifiki Sh400.

Juzi amenipigia. Wanataka tisa. Watatu bado hawaniamini, na siwalaumu.

Deni la chama nimebakisha Sh3,500. Mama alinikuta jana usiku nimewasha tochi ya simu nyuma ya kitambaa, napima. Akasimama mlangoni akatazama kidogo, kisha akaniletea taiti yake ya kufanyia kazi shambani.

"Na hii," akasema, "hebu niangalizie."